Mahindi Yaliyokataa Kuota

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka tu miguu hunitaka kukimbia, na miguu yenyewe unaiona ilivyo siku hizi. Asubuhi hiyo nilitoka mbio jikoni kwa mama yangu, viganja vimejaa masizi, nikipiga kelele "Nimejua! Nimejua!" mpaka kuku wakaruka juu ya ua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na furaha kama ile sikuwa nimewahi kuionja. Hata siku ya harusi yangu sikuchangamka vile, na baba yako ni shahidi.

Kaa hapa nikueleze. Umekuja na habari kutoka chuoni kwamba nadharia mbili zikishindana tuchague iliyo rahisi. Vizuri. Mimi nimefundisha fizikia mpaka nywele zikageuka rangi, na jambo hilo nimelisema mbele ya ubao mara nyingi kupita kiasi. Lakini ubaoni sikulijifunza. Nililijifunza nyumbani kwetu karibu na Kosele, miaka ya tisini, juu ya mahindi tu, na nusura mtu afukuzwe kwake kwa sababu yake.

Baba alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni mama yangu mzazi, ambaye watu walimwita Mama Akinyi kwa jina langu. Wa pili aliitwa Gati, Mkuria kutoka upande wa Migori, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Gati alikuwa mgeni bado. Dholuo chake, yaani Kijaluo, kilikuwa cha kuombea chumvi, basi nyumba nzima tulizungumza naye Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha sokoni, na yeye akitujibu kwa cha kwao. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilimwita Mama Mdogo, ingawa alinizidi umri kidogo tu na tulikuwa tukichekana kama wasichana.

Sasa, kwetu Wajaluo mvua ikianguka mke mkubwa ndiye hufungua kupanda. Mdogo husubiri mpaka mwenzake aingize mbegu ardhini, kisha naye hupanda. Akitangulia amevunja mwiko, na anayevunja mwiko huleta chira, yaani balaa linaloweza kumkausha mtoto, kumdhoofisha ng'ombe au kuharibu shamba. Mwaka huo Mama alipanda kwanza. Gati alipanda kesho yake. Tuliona wote.

Mbona basi mahindi ya Gati yalitoka ardhini kwa kishindo, mabichi, yananawiri, na shamba la Mama likabaki tupu kama kipara? Mvua ilikuwa moja, na mashamba yenyewe yalitenganishwa na utepe wa nyasi tu. Kwa Mama iliota mistari michache ya juu, ile iliyo karibu na njia, na mengine yote hayakuonekana. Mama alisimama pale asubuhi nzima, halafu akarudi jikoni kwake akafunga mlango. Hilo lilitutisha kuliko kama angepiga kelele.

Baba Mdogo Okoth, ndugu yake baba, hakuhitaji hata kufikiri. "Hii ni kitu ya wazi kabisa," alisema. "Huyu msichana wa Migori alipanda mbele. Aliamka alfajiri, akaweka mbegu yake kwa shamba, akarudi kulala. Na kesho yake akajifanya ndio anapanda. Chira ndiyo hii sasa."

Baba hakumpinga. Ikakubaliwa kwamba Jumamosi wazee wa ukoo wangekaa, na ikithibitika, Gati angerudishwa kwao Migori, na mtoto akishaacha kunyonya aletwe kwetu. Mwanangu, nilimwona Gati akiyasikia maneno hayo. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akasema, "Mimi sikupanda mbele." Basi. Hakuwa na shahidi wala ndugu karibu.

Siku ya Ijumaa akafika Waya. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba. Huyu wetu alikuwa muuguzi Homa Bay kwa miaka mingi mpaka akastaafu, mwanamke mwembamba, mkali, mwenye kicheko cha ghafla. Alisikiliza habari yote akiwa amekaa na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua. Halafu akamwita Baba Mdogo.

"Okoth, nieleze pole pole. Kila ukisema kitu ambacho hakuna mtu aliona, mimi naweka haragwe moja hapa kando. Usikasirike."

"Alipanda mbele," alisema Baba Mdogo.

"Nani alimuona?"

"Yawa! Si ilikuwa alfajiri?"

Haragwe likawekwa kando.

"Na mbwa? Huyo mbwa wenu anabwekea hata kivuli yake."

"Alimpatia samaki ya omena anyamaze."

Haragwe.

"Watoto ambao wanalala kwake?"

"Aliwapatia kitu ya usingizi. Hawa watu wa kwao wanajua majani."

Haragwe, na Waya akaliweka taratibu huku akimtazama.

"Udongo ulikuwa matope siku hiyo. Nyayo zilienda wapi?"

"Alikanyaga kwa nyasi."

"Sawa. Na hii mistari ya juu ya Mama Akinyi imeota vizuri. Chira iliiogopa?"

Baba Mdogo alisita kidogo tu. "Aliiacha makusudi," alisema, "ndio tusimshuku!"

Mimi nilipasuka kwa kicheko, nikajiziba mdomo. Waya hakucheka. Alisukuma lile rundo dogo la maharagwe mbele ya baba. "Ndugu yangu, mimi sijasema Okoth ni mwongo. Inaweza kuwa kweli. Lakini angalia vile tunaulizwa tubebe. Kila ukiuliza swali moja, hiyo habari inazaa kitu kingine ambacho hakuna mtu aliona. Hospitali, mtu akija na homa na kichwa na kutapika, sianzi kusema ana magonjwa matatu. Naanza na ugonjwa moja ambao unaweza kuleta zote. Naweza kukosea. Lakini angalau najua pa kuanza."

"Chira si ni kitu moja?" Baba Mdogo alipaaza sauti. "Moja tu! Ni nini rahisi kuliko hiyo?"

"Neno ni moja," alisema Waya. "Mzigo ndio huu."

Mwanangu, nywele zilinisimama! Nilikuwa nimepita mitihani yote ya sayansi bila kuelewa jambo hilo, na pale kwenye ungo nililiona kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Urahisi wa nadharia haumo katika ufupi wa jina lake. Mtu anaweza kusema neno moja tu na nyuma yake akaficha mizigo kumi. Urahisi unaupima kwa kuangalia ni mambo mangapi unalazimishwa kuyaamini bila ushahidi ili habari isimame.

Basi nikaruka, maana ujana hauna breki. "Waya, mimi ninalo jibu la haragwe moja! Shamba la Mama Mdogo ni pale boma la ng'ombe lilikuwa zamani. Ni samadi tu. Samadi imefanya mahindi yake yanawiri. Kwisha!"

Nilikuwa nimejipa ushindi. Nilimtazama Gati, naye akaanza kutabasamu. Hata baba aliinua kichwa.

"Mwaka jana mama yako alivuna hapo kwake ama hakuvuna?" Waya akaniuliza.

"Alivuna."

"Bila boma?"

"Bila boma."

"Na ile mistari ya juu, iko karibu na boma?"

"Iko mbali kabisa," nikasema, sauti imeanza kupungua.

"Basi samadi inaeleza kwa nini ya Gati ni manene. Haielezi kwa nini ya mama yako hayako. Akinyi, umelipenda jibu lako kama msichana anavyopenda kiatu cha kisigino. Kinambana, lakini hakivui kwa sababu ni kizuri. Okoth anaongeza vitu ambavyo havikuonekana. Wewe unatupa vitu ambavyo vimeonekana. Ni nani kati yenu mbaya zaidi, sijui. Toka hapa uende ukaangalie tena."

Nilitoka masikio yakiwaka moto. Unajua kuaibishwa mbele ya watu na mtu unayempenda? Lakini hasira ile ilinifaa. Nilichukua jembe nikaenda shambani kwa Mama, nikaanza kufukua mashimo yaliyokuwa matupu.

Na mbegu zilikuwamo! Hakuna ndege aliyezichukua wala panya aliyezigusa. Zilikuwa zimevimba kwa maji, zimeanza kuoza, lakini hakuna hata moja iliyotoa mzizi. Nikafukua hapa, nikafukua kule, zote hali moja. Ardhi haikuzikataa. Zilikuwa zimekufa kabla ya kuingia ardhini.

Nilimkimbilia Mama jikoni. Hapo lazima nikueleze biashara yake. Mwaka huo alikuwa ameanza kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, yaani sangara, inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu yote. Ilikuwa ikiletwa kutoka Homa Bay kwa magunia, na Mama alikuwa akiikaanga kwenye karai kubwa tangu asubuhi hadi jioni, moto wa magogo, kisha anapeleka sokoni Kosele. Jiko lile lilinuka samaki mpaka ndani ya nguo zetu za kanisani.

"Mama, mbegu ulitoa wapi?"

"Si hapo juu ya meko, kama siku zote?" alijibu bila kugeuka. Ndivyo kila mwanamke alivyohifadhi mbegu kwetu: masuke mazuri yanafungwa pamoja na kuning'inizwa juu ya moto, moshi uwafukuze wadudu.

"Na zile za mistari ya juu?"

Hapo aligeuka. "Hizo zilikuwa za fungu la mlangoni. Huku juu hakukuwa na nafasi."

Fungu moja la mbegu lilikuwa bado linaning'inia juu ya meko. Nilipanda kwenye kigoda, nikanyoosha mkono kulishika, na joto la karai likanifukuza. Sikuweza kuuacha mkono pale! Nilirudisha mkono, nikaunyoosha tena, nikaurudisha tena, nikicheka kama mwendawazimu. Moto wa ugali na mboga ni mdogo, moshi wake unakausha tu. Moto wa samaki wa kuuza ni mwingine kabisa, na ulikuwa umezipika zile mbegu miezi yote hiyo, pole pole, juu ya vichwa vyetu. Ndipo nilipotoka mbio nikipiga kelele, kuku wakaruka, na Waya akasimama mlangoni na ungo wake.

"Sema," alisema.

Nikasema. Jambo moja tu, moto, na kila kitu kikakaa mahali pake: mbegu zisizo na mizizi, mistari ya juu iliyoota, mavuno mazuri ya mwaka uliopita kabla ya biashara. Hata ya Gati yalielezeka, kwa kuwa yeye mbegu zake alikuwa amekuja nazo kutoka kwao ndani ya kibuyu, zimechanganywa na majivu, na hazijawahi kuona moshi wa jiko letu. Sikutupa kitu wala sikuongeza kitu. Nilitetemeka kwa furaha, nakuambia.

Unadhani Baba Mdogo alinyamaza? "Na ni nani alimwambia shemeji aanze kukaanga samaki?" aliuliza. "Si hiyo ndiyo chira yenyewe ikimwongoza?"

Baba akaguna. Kwa habari kama hiyo kila jibu langu lingemezwa. Lakini Waya aliuliza kwa upole, "Okoth, ni kitu gani ukiona, utasema hapana, nilikosea?"

Baba Mdogo akafikiri. Kwa mara ya kwanza alifikiri kweli, na hilo nimemheshimu nalo mpaka leo. Waya akapendekeza mikebe mitatu ya udongo: mmoja wa mbegu za juu ya meko, wa pili za mlangoni, wa tatu za kibuyu cha Gati. Na mikebe yote ipandwe kwa mkono wa Mama peke yake, mke mkubwa, akianza na zake. Hapo hakuna aliyetangulia mwenzake. Kama kosa ni la Gati na balaa limeangukia mkono wa Mama, mikebe yote itafanana. Kama ni moto, mkebe mmoja tu utakataa.

"Ikiwa hivyo nitanyamaza," alisema Baba Mdogo. Kikao cha Jumamosi kikaahirishwa.

Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyoisubiri ile mikebe. Niliichungulia asubuhi, nikaichungulia nikitoka kisimani, Mama akinifukuza kwa mwiko. Gati hakuchungulia hata mara moja. Alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye leso, yaani kanga, ipo nyuma ya mlango, na kila nilipopita niliiona. Mimi nilikuwa nikisubiri kujua kama nina akili. Yeye alikuwa akisubiri kujua kama ana mtoto.

Siku ikafika, udongo ukapasuka. Mkebe wa mlangoni ukatoa vichwa vya kijani, wa kibuyu ukatoa, na wa meko ukabaki mtupu. Nilimwita Gati, tukashikana mikono, tukarukaruka pale uani kama watoto wa chekechea! Lakini kesho yake asubuhi, tulipoinama pamoja kuangalia, nikaona kitu kilichonikata maini. Katika mkebe wa meko mche mmoja ulikuwa umetokeza. Mmoja tu, mwembamba, umejikunja.

Jioni hiyo watu wote wangekuja kuangalia. Nilijua Baba Mdogo angesema nini. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ningeung'oa, ningesawazisha udongo, na nadharia yangu ingekuwa safi.

Gati alinishika kifundo cha mkono. "Wacha," alisema.

"Mama Mdogo, hii itakuletea maneno!"

"Wacha hivyo hivyo, Akinyi. Kama umesema kweli, hako kadogo hakatatuua. Na kama si kweli, mimi sitaki kukaa hapa kwa uongo." Alisema hivyo mtoto yuko mgongoni, na leso yake bado iko nyuma ya mlango.

Tulipogeuka, baba alikuwa amesimama pale na fimbo yake ya kuchungia. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akaenda zake kwa ng'ombe.

Jioni Baba Mdogo aliuona mche ule na akaukodolea macho. "Na hii je?" Nilijibu kwamba katika fungu la meko kulikuwa na suke la pembeni, upande wa ukuta, ambalo moto haukulifikia vizuri, na kwamba maneno yangu yasichukuliwe bure, tulipande peke yake tuone. Alikuwa akifungua mdomo tena, baba akamzuia.

"Okoth, huyu mwanamke asubuhi alikuwa na nafasi ya kung'oa hiyo mmea. Hakujua mimi namwona. Hakung'oa, na alijua inaweza kumrudisha Migori." Akamgeukia ndugu yake. "Mtu wa namna hiyo ndiye unaniambia alinyemelea shamba usiku na omena ya mbwa?"

Baba Mdogo alitazama chini. Alikuwa ametoa neno lake, na akalitimiza. Alimpa Gati mkono mbele yetu sote. Baadaye tulilipanda suke lile la ukutani, na mbegu zake nyingi zikaota, lakini kufikia hapo hata hakukuwa na aliyekuja kuangalia isipokuwa mimi.

Kilichonitoa machozi ni Mama. Kulipokucha alioga, akavaa gauni lake la Jumapili, akavuka ua mpaka mlangoni kwa Gati, akabisha hodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Gati aolewe. Akanyoosha viganja viwili. "Mdogo wangu," alisema, "nipatie mbegu ya kwenu nipande tena." Gati alimiminia viganja vile mpaka vikafurika, mbegu zikadondoka miguuni mwao, na wote wawili wakainama kuziokota.

Basi, mwanangu, nisikilize, kwa kuwa utaishi katikati ya nadharia nyingi, za vitabuni na za jirani. Anza na iliyo rahisi, na urahisi wake uhesabu kwa vitu unavyotakiwa kuviamini bila kuviona. Ikiwa kila swali linaizalia kisingizio kipya, ishuku, hata kama jina lake ni neno moja. Lakini usidhani kwamba wepesi ni ukweli. Wepesi unakuonyesha pa kuchimba kwanza. Jembe unalishika wewe. Jibu linalotupa nje jambo lililoonekana ili lipendeze, limekosa, hata likiwa zuri kiasi gani. Kabla hujapanda mkebe, sema ni kitu gani kikitokea utakubali umeshindwa. Na kitu hicho kikichomoza asubuhi, kidogo, kimejikunja, na hakuna mtu anayekuona, mwanangu, zuia mkono wako. Nyuma ya nadharia nyingi kuna mtu aliyefunga nguo zake anasubiri.

Mungu akupe furaha ya kugundua, ile ya kukurusha jikoni na masizi mikononi. Akupe rafiki wa kukushika kifundo cha mkono. Na siku utakapokosea, akujalie uwe wa kwanza kulisema kosa lako, na usiku huo ulale usingizi mzuri.